Kusawazisha funguo za piano kwa vifaa vya kujitengenezea: pima maji, mshipi au daraja?

Jumamosi moja niliitwa kanisani kutazama piano ya wima ambayo mpigaji wake alisema inamkwaza vidole. Nikapiga goti, nikaweka jicho sawa na funguo, nikaona bonde. Kulia na kushoto funguo zimesimama vizuri, katikati oktava tatu hivi zimelala chini kama godoro kuukuu. Si ajabu. Nyimbo za kusanyiko hupigwa hapo hapo katikati miaka nenda miaka rudi, na felti, yaani sufu iliyoshindiliwa, iliyo chini ya funguo hizo hukandamizwa mpaka inakuwa ngumu kama soli ya kiatu.

Kabla ya piano nilikuwa seremala, kwa hiyo nilitoa kile ambacho seremala yeyote angekitoa: pima maji ya sentimita 120. Nikailaza juu ya funguo nyeupe, nikaanza kuingiza karatasi chini ya zile zilizozama mpaka zikaigusa. Siku mbili nzima. Nilipoiondoa pima maji, bonde lilikuwa bado lipo. Limepungua kina, lakini lipo. Mpigaji akakaa, akapiga ubeti mmoja, akanitazama bila kusema neno.

Kosa lilikuwa la hesabu rahisi. Ufunguo wa piano huanza kushuka kwa uzito wa gramu 50 hivi. Pima maji yangu ina zaidi ya nusu kilo. Kila nilipoilaza ilizikandamiza zile funguo za pembeni zilizokuwa zimesimama, nami nikazipandisha za katikati zifikie usawa huo wa uongo. Nilipoinyanyua, za pembeni zikarudi juu kwao na za katikati zikabaki nilipoziacha.

Tangu siku hiyo, kifaa chochote cha kujitengenezea ninakiuliza swali hilo kwanza: kinaugusa ufunguo, au kinautazama tu? Mengine yote, bei, uzuri, wepesi wa kutengeneza, huja baadaye. Hapa chini nalinganisha vile nilivyovitumia kwa mikono yangu, ili wewe mwenye piano ya kanisa, ya shule au ya urithi usirudie siku zangu mbili.

Kilichomo chini ya ufunguo

Ufunguo ni fimbo ya mbao inayocheza kama bembea. Umekaa juu ya papi tatu. Papi ya nyuma ina kitambaa kinene ambacho mkia wa ufunguo hulalia. Papi ya katikati ina pini ya chuma inayopita kwenye tundu la ufunguo, na juu ya papi hiyo, kuizunguka pini, kuna washa ya felti, ndiyo egemeo. Papi ya mbele ina pini nyingine na washa nene zaidi, ambako ufunguo hutua unapobonyezwa.

Usawa wa funguo unatengenezwa katikati, si mbele. Chini ya ile washa ya felti ya katikati huwekwa washa za karatasi. Karatasi hukaa chini ya felti siku zote. Ukiiweka juu, mbao inagonga karatasi na utasikia mlio mdogo kila ufunguo unapocheza.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosa: kwa kuwa mkia umelala nyuma na egemeo liko karibu na katikati, ukipandisha egemeo kwa kiasi fulani, ncha ya mbele hupanda takriban maradufu. Ufunguo uliozama kwa milimita 1 unahitaji karatasi za nusu milimita tu. Karatasi ya kawaida ya ofisi, ile ya gramu 80, ina unene wa milimita 0.1. Huhitaji kifaa cha maabara kulihakiki hilo: pima rimu nzima ya karatasi 500, utapata sentimita 5 hivi. Maana yake karatasi moja ya ofisi hupandisha mbele kwa milimita 0.2, na kidole cha mpigaji mzuri kinaanza kuhisi tofauti ya kiasi hicho kati ya ufunguo na jirani yake. Kwa hiyo tunahitaji kifaa kinachoweza kuona milimita 0.1, bila kusukuma kwa gramu 50. Hapo ndipo mchujo unapoanzia.

Piano ya kisasa ina funguo 88, nyeupe 52 na nyeusi 36, na nyeupe zikipangwa hufikia sentimita 122 hivi. Piano nyingi za zamani zina 85, na hizo hupungua sentimita tano hivi. Hesabu za kwako kabla hujakata chochote.

Pima maji na rula ndefu

Nimeshaisema habari yake. Naongeza tu kwamba si ya kutupwa. Pima maji, au papi ya mninga iliyopigwa randa vizuri, ni nzuri kwa kutazama haraka kabla ya kazi: iinue kidogo kwa mikono miwili juu ya funguo bila kuziegemea, weka taa nyuma yake, na mwanga unaopita chini utakuonyesha bonde liko wapi. Kuna mafundi wanaoitumia hata kwa kazi yenyewe, lakini hukwamisha kwanza funguo za pembeni kwa vipande vya kadi nene chini yake zisiweze kushuka, kisha wakailaza hapo. Njia hiyo inafanya kazi kwa masharti kwamba funguo nyingine zote ziko chini ya zile za pembeni. Ukiwa na ufunguo mmoja tu wa katikati ulio juu, rula inapanda mgongoni mwake na vipimo vyote vinaharibika.

Na kipovu cha maji hakikusaidii chochote hapa. Piano haihitaji kuwa sawa na upeo wa bahari, inahitaji funguo zilingane zenyewe kwa zenyewe. Niliwahi kumwona kijana akiweka simu yenye programu ya pima maji juu ya kila ufunguo, mmoja baada ya mwingine. Simu ina gramu karibu 200. Nilimwachia amalize.

Kama utatumia rula yoyote, hakikisha imenyooka. Ilaze mezani juu ya karatasi ndefu, piga mstari kwa penseli nyembamba, igeuze upande wa pili kwenye nukta zile zile, piga tena. Mistari ikiachana katikati, rula imepinda, na kosa lake ni nusu ya uwazi unaouona.

Mshipi

Hiki ndicho ninachompendekezea mtu mwenye piano moja. Mshipi wa kuvulia samaki, wa nailoni, unene wa milimita 0.3, ule ambao wavuvi wa Tanga hukupimia kwa pima, ukakazwa kutoka upande mmoja wa piano hadi mwingine juu kidogo ya funguo nyeupe.

Utasema uzi unalegea katikati. Nilidhani hivyo pia, mpaka nilipofanya hesabu. Mshipi wa unene huo una uzito wa gramu 0.08 kwa mita. Ukiuvuta kwa chupa ya maji ya lita moja, yaani kilo moja, kulegea kwake katika urefu wa mita 1.2 hakufiki milimita 0.02. Hakuna rula ya mbao dunia hii iliyonyooka kiasi hicho baada ya kukaa masika mbili pwani.

Kuutengeneza: kata vigogo viwili vya mbao ngumu kwa pamoja, vikiwa vimebanwa, ili virefuke sawa. Juu ya kila kimoja chora kijifereji chembamba kwa msumeno. Ondoa vibao viwili vya pembeni vinavyoziba ncha za safu ya funguo, na pale chini, kwenye ubao mkuu unaobeba funguo, ndipo vigogo visimame. Vibane kwa klampu, la sivyo chupa itavivuta viangukie ndani. Upande mmoja funga mshipi kwenye msumari, upande wa pili uzungushe kwenye skrubu laini iliyopakwa mshumaa, kisha chupa ining'inie mbele ya piano. Nusu saa, umemaliza.

Kimo cha mshipi unakipata kwa funguo za mwisho kabisa pande zote mbili. Hizo hazipigwi mara nyingi, kwa hiyo felti yake bado inakumbuka kiwanda. Weka mshipi milimita moja juu ya hizo, kisha tafuta kadi inayopita hapo kwa kugusa kidogo tu. Kadi hiyo ndiyo kipimo chako kwa funguo zote zilizobaki.

Kuna raha moja ya mshipi ambayo vifaa vingine havina: unaongea. Ukiudonoa unalia. Ufunguo wowote ulio juu kupita kiasi ukigusa mshipi, mlio unakufa au unakwaruza. Fundi piano ana masikio kuliko macho, na mara nyingi nimeukamata ufunguo uliozidi kwa sikio kabla sijaukamata kwa kadi.

Udhaifu wake? Hauandiki namba. Unakwambia huyu yuko chini, haukwambii kwa kiasi gani, kwa hiyo unakisia karatasi, unaweka, unaangalia, unatoa, unarudia. Kwa funguo 52 nyeupe, kurudia rudia huko kunakula siku. Pia ukiusogelea kwa mkono unaucheza, na mshipi unaotetemeka haupimi kitu. Na unanyooka tu. Mafundi wengine hupenda kuacha katikati ya safu juu zaidi kwa nusu milimita au karibu na milimita moja, kwa hoja kwamba hapo ndipo pataendelea kuzama. Mshipi hauwezi kukupa mgongo huo.

Daraja la aluminiamu na kabari

Hiki ndicho ninachokitumia mimi sasa, na nitakaa hapa kidogo.

Kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu omba kipande cha bomba la pembe nne la milimita 50 kwa 25, urefu wa sentimita 125. Mara nyingi ni baki, unaweza kupewa kwa bei ya soda. Kichunguze kwa mistari ya penseli kama nilivyoeleza. Kitie miguu miwili ya mbao ngumu inayosimama kwenye ubao mkuu, mahali pale pale pa vibao vya pembeni. Bomba lipite juu ya sehemu ya mbele ya funguo nyeupe, ile iliyo wazi kabla ya nyeusi kuanza, likiacha nafasi ya milimita 3 hivi. Haligusi ufunguo hata mmoja.

Lisimamishe kwa wima, upande wa milimita 50 uwe kimo. Si urembo. Bomba jembamba la 25 kwa 25 lenye ukuta wa milimita 1.2 hulegea katikati kwa uzito wake lenyewe kama milimita 0.13, na hilo tayari linavuka kipimo tunachokitafuta. Lile la 50 kwa 25 likiwa wima halifiki 0.04.

Sasa kabari. Chukua kipande cha mpingo au mninga mkavu, urefu wa milimita 150, ukirande kiteremke kutoka unene wa milimita 5 hadi 2. Mteremko ni milimita 3 katika 150, yaani moja kwa hamsini. Chora mistari kila baada ya milimita 5. Kila mstari ni milimita 0.1 ya uwazi. Ingiza ncha nyembamba kati ya bomba na ufunguo, isukume polepole mpaka iguse tu, soma mstari. Ukisukuma kwa nguvu utaushusha ufunguo, basi isimame pale unapohisi mguso wa kwanza. Mkono unajifunza baada ya funguo kumi hivi.

Utamu wake uko kwenye hesabu. Tofauti ya mistari miwili ni milimita 0.2 mbele, nayo ni karatasi moja ya ofisi chini ya egemeo. Mistari minne, karatasi mbili. Mistari kumi, karatasi tano, au kipande cha manila na karatasi. Napita safu nzima mara moja, naandika namba kwa penseli kwenye mkanda wa karatasi uliobandikwa mbele ya funguo, kisha natoa ufunguo mmoja mmoja na kuweka karatasi zake. Mzunguko wa pili ni wa kusahihisha, wa tatu ni wa kujiridhisha. Kwa piano ya wima hii ni kazi ya alasiri moja badala ya siku mbili.

Ukitaka ule mgongo wa katikati, tumia kabari kwa namba inayopungua kuelekea katikati. Sijauona ukimsaidia mtu kwa muda mrefu, ila ni suala la imani ya fundi.

Geji ya saa, na leza ya vigae

Kuna mafundi mashine wanaopachika geji ya saa, kipimo chenye uso wa saa na ncha inayogusa, kwenye kigari kinachotembea juu ya daraja. Inapendeza kutazama, inasoma sehemu moja ya mia ya milimita. Lakini ncha yake ina springi, na springi hiyo ya kawaida inaweza kusukuma kwa nguvu inayozidi gramu 50. Umerudi kwenye kosa la pima maji yangu, safari hii kwa bei kubwa. Ukiweza kuilegeza springi ni chombo cha kifalme. Kama huwezi, kabari ya mpingo inakushinda.

Leza ya mafundi vigae isahau. Mstari wake mwekundu una unene wa milimita moja au zaidi ukutani, na sisi tunatafuta sehemu ya kumi ya hapo.

| | Kinagusa ufunguo? | Kinatoa namba? | Kukitengeneza | Funguo nyeusi |
|---|---|---|---|---|
| Pima maji, rula | Ndiyo, kwa uzito mkubwa | Hapana | Ipo tayari | Haifai |
| Mshipi | Hapana | Hapana | Nusu saa | Rahisi mno |
| Daraja na kabari | Kidogo, mkono ukitulia | Ndiyo, 0.1 | Siku moja | Inawezekana, kwa miguu mirefu |
| Daraja na geji ya saa | Ndiyo, springi | Ndiyo, 0.01 | Siku mbili na fedha | Shida |

Kuhusu funguo nyeusi, mshipi unashinda wazi. Nyeusi husimama kama milimita 12 juu ya nyeupe. Chonga vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 12, viweke chini ya vigogo, usogeze mshipi nyuma juu ya nyeusi, na umekwisha. Ndiyo sababu hata mwenye daraja kama mimi bado anabeba mshipi.

Vizito: chubwi, risasi za magurudumu au nati

Kwa piano ya wima ruka sehemu hii. Mashine ya nyundo, ile inayopiga nyuzi, inakaa juu ya mikia ya funguo na kuilaza, kwa hiyo unasawazisha ikiwa mahali pake.

Grandi, ile piano kubwa iliyolala, ni kisa kingine. Unapotoa mashine ya nyundo ili uzifikie funguo, mikia inabaki bila mzigo, na kwa kuwa funguo nyingi zina vipande vya madini ya risasi vilivyopachikwa upande wa mbele, zinainamia mbele zote. Hakuna cha kupima hapo. Inabidi kila mkia uwekewe kizito cha kuiga mashine. Viwandani wanavyo vya kubana. Nyumbani nimejaribu vitatu.

Chubwi za wavuvi ni rahisi kupata na zinatundikika kwa uzi, ila zinabingirika, na moja ikidondoka kati ya funguo utaitafuta kwa tochi. Nati kubwa za bolti ni safi, lakini ni nene na zinagombana na nati za jirani, hasa kwenye noti za juu. Bora kuliko zote ni zile risasi ndogo za kubalansia magurudumu zilizotupwa chini kwenye karakana za matairi: nyembamba, zina kibano tayari, unazipachika kwenye mkia na zinakaa. Kipimo cha uzito ni rahisi: bonyeza ufunguo, uachie, mkia urudi chini wenyewe bila kusita. Ukisita, ongeza. Halafu nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika muhogo wa kuchoma, maana risasi ni sumu. Ukipata zile za chuma, chukua hizo.

Na tahadhari ya grandi: usisawazishe juu ya meza ya jikoni. Fremu ya funguo hujipinda kufuata ubao iliyolalia. Ukimaliza mezani ukairudisha ndani ya piano, usawa wako unaweza kuwa umebaki mezani. Irudishe fremu yenye vizito ndani ya piano, pima humo. Wakati wa kuivuta nje au kuirudisha ikiwa na nyundo, usiguse ufunguo hata mmoja. Nyundo iliyoinuka inakatika shingo kwenye ubao wa juu, na hapo tatizo lako halitakuwa usawa tena.

Karatasi: panchi ya fundi viatu au mkasi

Maduka ya vipuri vya piano Ulaya na Marekani huuza washa za karatasi kwa unene mbalimbali, mara nyingi kila unene na rangi yake. Kama una ndugu anayesafiri, mwagize. Ni nyepesi na hazisumbui mzigo. La sivyo, kata.

Pini ya katikati ina unene usiofika milimita 4. Panchi ya kugonga ya fundi viatu yenye tundu la 4 inatosha kabisa, na fundi mwenyewe atakutobolea mia kwa muda wa kunywa kahawa. Panchi ya ofisini hutoboa tundu kubwa kama milimita 6. Karatasi inacheza kwenye pini na kukaa upande. Nimeitumia nilipobanwa, siipendi. Duara la nje kata kwa mkasi, upana wa sentimita 2 au pungufu, lisizidi ile felti.

Unene wa kuwa nao: karatasi ya ofisi kwa 0.1, manila kwa zaidi ya hapo, na karatasi ya risiti ya mashine ya EFD kwa kazi ya mwisho, kwani ni nyembamba kuliko ya ofisi, kiasi cha 0.06. Zipime kwa kukunja: kunja mpaka upate tabaka 32, zibane kwa venia, ile koleo ya kupimia unene, gawanya. Wengine hukata washa kwa mpasuo upande mmoja ili waichomeke kwa kibano bila kutoa ufunguo. Inaokoa muda. Pia inatoka yenyewe baada ya miezi, kwa hiyo mimi natoa ufunguo.

Kabla hujaweka karatasi ya kwanza

Haya ni machache lakini ukiyaruka vifaa vyote juu havikusaidii. Toa funguo zote kwa namba zake; nyingi zina namba zilizogongwa kwenye mbao, kama hazina andika wewe. Safisha chini. Nimekuta penseli, sarafu, pini za nywele, na mara moja kadi ya mwaliko wa harusi iliyokuwa inainua funguo mbili. Tazama felti: nondo wa nguo huila sufu, na felti iliyoliwa nusu haiwezi kusawazishwa kwa karatasi, ibadilishe kwanza. Huku pwani unyevu huvimbisha mbao na kutia kutu pini, ufunguo unakuwa mzito na haurudi. Huo utaudhania umezama kumbe umekwama. Piga pini msasa laini, hakikisha kila ufunguo unashuka na kupanda huru, ndipo upime.

Ukishamaliza usawa, kina cha mbonyezo kimebadilika, maana umeinua ncha za mbele. Kina cha kawaida ni milimita 10 hivi. Kata kibao cha plaiwudi chenye unene huo na upana mdogo kuliko ufunguo mweupe, kiweke juu ya ufunguo, bonyeza mpaka ufunguo utue: mgongo wa kibao ulingane na funguo za jirani. Ukizama chini yao, ongeza karatasi chini ya washa ya mbele. Ukibaki juu, punguza. Kisha skrubu zinazogusa mashine ya nyundo mkiani zirekebishwe, kwa sababu nazo zimepanda kidogo.

Nani achukue kipi

Mwenye piano moja ya wima nyumbani, asiye na mpango wa kuwa fundi: mshipi, chupa ya maji, kadi, panchi ya fundi viatu. Usinunue kitu kingine. Utatumia siku mbili badala ya alasiri moja, lakini ni siku mbili mara moja katika miaka mingi.

Mwalimu wa shule mwenye piano tatu nne, au fundi anayeanza: tengeneza daraja na kabari, na mshipi kwa ajili ya nyeusi. Siku utakayoitumia kuranda kabari itajilipa kwenye piano ya pili.

Mwenye grandi ya thamani na hajawahi kutoa mashine yake: mwite fundi aitoe, hata kama kupima utapima mwenyewe. Shingo moja ya nyundo iliyokatika inagharimu kuliko siku ya fundi.

Na aliye na pima maji tu leo hii, na ibada ni kesho: usiilaze. Ishike hewani, taa nyuma yake, rekebisha zile funguo tano au sita mbaya zaidi na uache nyingine. Nilirudi kwenye ile piano ya kanisani baada ya miezi miwili nikiwa na mshipi, nikatoa karibu nusu ya karatasi nilizoziweka mwanzo na kuongeza nyingine mahali ambapo sikuwahi kugusa. Wiki tatu baadaye nikapita tena, kwa kuwa felti iliyotolewa na kurudishwa hulala kidogo ikianza kupigwa, nikaongeza karatasi za risiti chini ya funguo saba. Mpigaji alikuwa anafanya mazoezi na kwaya. Hakunitazama.